Kupandikiza nywele: ukate shauri vipi, na kwa wakati gani

Jumamosi moja asubuhi mpwa wangu alibisha hodi kwangu Pumwani, ametoka Mombasa kwa basi la usiku, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Alipokwisha kuniamkia na kunywa chai, aliivua kofia, akainamisha kichwa. "Mjomba, hebu nitazame," akaniambia. Mapanja yalikuwa yamepanda, na utosini nywele zimekuwa haba hata ngozi yaonekana. Ana miaka 23. Nikaha yake ilikuwa imepangwa miezi minne mbele, na katika pesa alizoweka za mahari na shughuli alitaka kuchota sehemu akapandikizwe nywele kwenye kliniki aliyoiona katika simu. "Ofa yao yaisha Ijumaa," akasema. "Mimi nshaamua."

Sikumcheka. Nilipokuwa na miaka 26 nami niliamua vivyo hivyo, kwa pupa hiyo hiyo, nikatanguliza shilingi 30,000 ambazo sikuziona tena. Tangu hapo nimeuliza madaktari, nimeuliza masheikh, nimewauliza waliofanyiwa, wengine wamefurahi na wengine wamejuta. Mimi si daktari. Lakini huku Eastlands, kuanzia Eastleigh na Pumwani hadi Buruburu, Umoja na Kayole, vijana wetu wa Pwani ni wengi, na swali hili naulizwa kila mara. Basi haya ndiyo niliyomweleza mpwa wangu, nimeyapanga ili yamfae na mwingine.

Kwanza jua kinachoziondoa nywele

Si kila upara ni upara mmoja, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, nazo huota tena. Tatizo huanza pale zinazoanguka zinapozidi zinazorudi, au zinaporudi nyembamba kuliko zilizoondoka.

Kwa wanaume, sababu kubwa ni ya kurithi. Homoni ya kiume hubadilishwa mwilini kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT. Mtu aliyerithi udhaifu huo, mashina ya nywele za mbele na za utosini husinyaa polepole kwa DHT, na kila unywele mpya hutoka mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka shina likachoka. Nywele za kisogoni na za pembeni mwa kichwa kwa kawaida haziathiriki. Ndiyo maana mzee mwenye upara hubaki na ule ukanda wa nywele kuanzia sikio hadi sikio. Upara huu hurithiwa kwa mama na kwa baba pia. Si kweli kwamba hutoka kwa babu mzaa mama peke yake.

Madaktari huupima kwa hatua saba za kipimo cha Norwood, daktari Mmarekani ambaye mwaka 1975 aliboresha kazi aliyoianza Hamilton mwaka 1951. Kuijua hatua uliyopo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na daktari.

Ziko sababu nyingine ambazo upasuaji si dawa yake. Mapunye ni ugonjwa wa kuvu, nao hutibiwa kwa dawa. Upungufu wa madini ya chuma, maradhi ya tezi la shingo, homa kali, kujifungua au msiba mzito huweza kuangusha nywele nyingi kwa pamoja, na mara nyingi hurudi zenyewe sababu ikiondoka. Kuna pia upara wa viraka vya duara, ambapo kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Mtu akipandikizwa nywele hali ugonjwa wake ni mmojawapo wa hayo, atakuwa amepanda mbegu kwenye moto.

Kwa mama na dada zetu

Wanawake wana habari yao. Misuko inayobana, nywele bandia nzito, na vilemba au kofia za ndani ya hijabu zinazokazwa kila siku huzivuta nywele za mbele na za pembeni mpaka zikakatika. Mapema, ukilegeza msuko, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, mashina hufa na ngozi hubaki laini na ya kung'aa. Maumivu au vipele baada ya kusukwa si urembo. Ni ngozi inayolalamika.

Uko na upara mwingine unaowapata sana wanawake weusi, unaoanzia katikati ya utosi na kutanuka kwenda nje, ukiacha kovu chini ya ngozi. Huu unataka matibabu ya haraka ili usienee. Upandikizaji hauwezi hata kufikiriwa mpaka ugonjwa wenyewe utulie, na madaktari wengi husubiri mwaka mmoja au miwili ya utulivu. Mara nyingi hukata kipande kidogo cha ngozi kwanza, wakakipima kwenye maabara. Kwa hiyo dada akiambiwa na kliniki kwamba atapandikizwa wiki ijayo bila ya kupimwa chochote, na achukue mkoba wake aondoke.

Upasuaji wenyewe

Asili yake ni ya zamani. Daktari Okuda wa Japani aliandika kuhusu kupandikiza nywele mwaka 1939, lakini wengi nje ya nchi yake hawakuipata habari hiyo. Mwaka 1959 daktari Norman Orentreich wa New York alichapisha jambo ambalo ndilo msingi wa kazi hii hadi leo: unywele uliotolewa kisogoni na kupandwa mbele huendelea kuishi kwa tabia ya kule ulikotoka. Hauogopi DHT kama jirani zake wapya.

Siku hizi njia ni mbili. Ya kwanza, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, akashona jeraha, kisha ukanda ule hupasuliwa kuwa vipandikizi vidogo vidogo. Hubaki kovu la mstari, ambalo huonekana mtu akinyoa sana. Ya pili, ambayo matangazo huiita FUE, hutoa vipandikizi kimoja kimoja kwa kijisindano chenye tundu, na makovu yake ni vidoti vilivyotawanyika. Usidanganyike kwamba hii ya pili haina kovu kabisa. Kipandikizi kimoja huwa na nywele moja hadi nne. Yote hufanywa kwa ganzi, mtu yuko macho, na huweza kuchukua siku nzima.

Sisi wenye nywele za kipilipili tuna jambo letu. Unywele wetu umejikunja hata ndani ya ngozi, wala haukushuka wima. Daktari asiyezoea nywele kama hizi ataukata shina njiani, na shina likikatwa halioti. Upande wa pili, nywele zilizojikunja hufunika ngozi vizuri zaidi, kwa hiyo vipandikizi vichache huweza kuonekana vingi. Muulize daktari akuonyeshe picha za watu weusi aliowafanyia yeye mwenyewe, si picha za Wazungu na Waarabu kutoka kwenye mtandao.

Upasuaji hauongezi nywele. Huhamisha ulizo nazo. Ghala ni kisogo, na ghala hilo halijazwi tena. Kwa watu wengi, vipandikizi vinavyoweza kutolewa salama maisha yao yote ni elfu chache tu. Ukivimaliza ukiwa kijana, ukizeeka utakuwa huna cha kuazima.

Nani asifanyiwe

Hapa ndipo yangu yalipoishia. Nina vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyowapata wanaume wengi weusi, hasa wanaonyoa kwa kugandamiza mashine. Vingine vimekuwa makovu yaliyovimba. Daktari wa ngozi alipovishika tu aliniambia, "Kisogo hiki usimruhusu mtu akikate." Kliniki niliyokuwa nimeilipa miaka ile haikuwahi hata kunigeuza kichwa kunitazama nyuma. Aliyenipokea hakuwa daktari; alikuwa muuzaji aliyevaa koti jeupe. Nilipouliza nani atanipasua, nikaambiwa "timu yetu". Nikaondoka, pesa zikabaki.

Kabla ya kwenda popote, jikague nyumbani. Je, una kovu lililokua likapita jeraha lenyewe, penye tundu la sikio, penye chanjo begani, au kifuani? Wazazi na ndugu zako je? Ngozi nyeusi ina hatari kubwa zaidi ya makovu haya, na mwenye nayo amwambie daktari kabla ya jambo lolote.

Wengine wanaotakiwa kusita ni mwenye kisukari au shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, anayetumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, na mwenye nywele haba hata kisogoni. Mvutaji wa sigara aache kwanza, maana jeraha lake hupona vibaya. Mla miraa asifiche: miraa hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, na daktari anayekudunga ganzi anahitaji kulijua hilo.

Umri na saa yake

Mpwa wangu aliniuliza, "Sasa kama nafaa, kwa nini nisubiri?" Nikamjibu kwa mfano anaoujua. Maji ya bahari yakiwa yanapwa, huwezi kupanda mti ukingoni ukadai hapo ndipo mwisho wa maji. Kijana wa miaka 23 upara wake bado unatembea. Daktari akimjazia mapanja leo, nywele zake za asili zilizo nyuma ya pale zitaendelea kuondoka, kwa sababu upasuaji hauzuii upara. Baada ya miaka kumi atakuwa na kisiwa cha nywele mbele, na uwanda mtupu nyuma yake. Kisha atahitaji upasuaji wa pili na wa tatu, na ghala lina mwisho.

Kwa hiyo madaktari waangalifu husita sana kwa aliye chini ya miaka 25, na hata aliyepita hapo hutaka kuona kwamba upara umetulia au unazuilika. Njia rahisi ya kujua ni picha. Piga picha za kichwa chako, mbele, pembeni na utosini, mahali pamoja, kwa mwanga ule ule, kila baada ya miezi mitatu. Baada ya mwaka utakuwa na ushahidi wako, si maneno ya muuzaji.

Kisha kuna harusi. Watu wengi hutaka nywele kwa ajili ya tarehe fulani, na hapa hesabu ni rahisi. Magamba huanguka ndani ya wiki moja au mbili. Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zilizopandwa huanguka karibu zote, na mara nyingine huangusha na za jirani. Mashina yamo ndani, yanapumzika. Mwezi wa tatu au wa nne ndipo zinapoanza kuchomoza. Mwezi wa sita hadi wa tisa mtu huona tofauti. Matokeo kamili ni mwaka mmoja, na utosini huweza kufika mwaka na nusu. Kijana aliyepanga kupandikizwa miezi minne kabla ya nikaha angeketi mbele ya kadhi wakati kichwa chake kiko katika hali mbaya kuliko alivyoanza. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda aliposikia hayo. Hakuna tangazo lililomwambia.

Dawa kabla ya kisu

Dawa mbili ndizo zilizothibitishwa kwa upara wa kurithi. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu; wagonjwa wakaota nywele mwilini, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani. Huhitaji miezi minne hadi sita kabla ya kuipima. Wiki za mwanzo huweza kuangusha nywele zaidi, jambo linalowatisha wengi wakaiacha. Ukiiacha, ulichokipata huondoka. Kama nyumbani mna paka, iwekeni mbali naye na nawa mikono, kwa maana hata kiasi kidogo huweza kumuua.

Ya pili ni finasteraidi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kilichoidhinishwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997. Hupunguza DHT. Kwa wanaume wachache huleta upungufu wa hamu na nguvu za kiume, na wengine huzuni. Kijana anayeingia kwenye ndoa ayazungumze haya na daktari waziwazi, asinunue dukani kwa kunong'onezwa. Mwanamke mjamzito, au anayeweza kuwa mjamzito, asishike kidonge kilichovunjika, kwani huweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na mwanamume anayepimwa tezi dume amwambie daktari kwamba anakitumia, maana hushusha kipimo cha damu na kuficha ugonjwa.

Nunua kwenye famasia iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Yale mafuta ya chupa zisizo na jina yanayouzwa kando ya barabara kwa ahadi ya siku 14, yaache hapo hapo barabarani. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kulainisha nywele zilizopo, bali hayafufui shina lililokufa.

Madaktari wengi hutaka mtu atumie dawa kwa mwaka kabla ya upasuaji. Pengine hatauhitaji tena. Akiuhitaji, dawa zitazilinda nywele zake za asili zisiendelee kuondoka.

Dini yasemaje

Swali hili ndilo la kwanza kwa wengi wetu, na ni haki. Imekuja katika hadithi kulaaniwa anayeunganisha nywele na anayeunganishwa, na wengi hudhani kupandikiza ni hilo. Wanavyuoni wametofautisha. Kuunganisha ni kuongeza nywele za mwingine. Kupandikiza ni kuhamisha nywele za mtu mwenyewe, zikaota na kukua. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliutaja upandikizaji wa nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, miongoni mwa marekebisho ya aibu zilizompata mtu ambayo yanaruhusiwa kwa masharti. Sharti kubwa ni kwamba manufaa yazidi madhara, na kazi ifanywe na mtaalamu.

Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha watu watatu wa Bani Israili, mmoja wao mwenye upara, aliyemwomba malaika nywele nzuri, akapewa. Kosa lake halikuwa kutaka nywele. Kosa lake lilikuwa kumnyima maskini baada ya kuneemeka. Basi anayetaka kulipia nywele kwa mkopo wa riba au kwa pesa za ada ya watoto ajiulize mwenyewe.

Kwa vitendo: siku za mwanzo daktari hukataza kuinama na kugandamiza paji la uso, kwa hiyo sijda huwa ni ya kuashiria kama mgonjwa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa kwatosha katika udhu, na ipo nafasi isiyoguswa na jeraha. Josho la wajibu lina maelezo zaidi. Muulize sheikh wako kabla ya siku yenyewe. Ramadhani si wakati mzuri, kwa sababu ya vidonge vya maumivu na vya kuzuia vijidudu. Anayekusudia Umra au Hija apange mapema: kisheria kupunguza nywele kwatosha badala ya kunyoa, lakini ni bora kichwa kiwe kimepona. Na ile fasheni ya kuchora vidoti vya wino kichwani ionekane kama nywele zimenyolewa, hiyo iko karibu na chale za wino zilizokatazwa. Uliza kabla.

Ni nani atakayeshika kisu

Kenya madaktari na hospitali husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na orodha yake iko wazi kwenye tovuti yao. Andika jina la daktari, kisha jina la kliniki, uone kama leseni ni ya mwaka huu na fani yake ni ipi. Unamtaka daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyejifunza kazi hii. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta katika kliniki ya urembo hapa Nairobi, na KMPDC ikaifunga kliniki hiyo. Upasuaji wa nywele ni mdogo kuliko huo, lakini ganzi ikizidi kipimo huweza kuusimamisha moyo. Chumba kisicho na vifaa vya dharura si cha kupasuliwa mtu.

Wengi siku hizi huenda Istanbul, ambako kazi hii imekuwa biashara kubwa, na ndege hutoka Nairobi moja kwa moja. Wako mabingwa wa kweli huko. Wako pia wanaofanya vichwa vingi kwa siku moja, daktari akipita kusalimia tu na wasaidizi ndio wanaopasua. Chama cha kimataifa cha madaktari wa fani hii, ISHRS, kimekuwa kikiendesha kampeni ya kuwaonya watu juu ya kliniki za namna hiyo. Ukienda mbali, kumbuka kwamba jeraha likioza wiki ya pili utakuwa umesharudi Umoja, na daktari aliyekupasua hayupo.

Pesa

Bima nyingi haziligusi jambo hili, kwa kuwa huhesabiwa kuwa urembo. Usiulize bei tu. Uliza ni vipandikizi vingapi, ni nani atavihesabu, dawa na ziara za baadaye ziko ndani au nje ya bei, na pesa ya kutanguliza hurudishwa ukighairi. Upate kwa maandishi. Kisha ongeza gharama ya dawa za miaka, pengine na upasuaji wa pili. Daktari wa kweli hana ofa inayoisha Ijumaa.

Ukitoka hospitali

Wiki ya kwanza hulali kifudifudi, hukuni, hubebi mzigo. Kofia ya vito inayobana haivaliwi mpaka daktari aruhusu, na hapo ni kama siku kumi. Anayeendesha bodaboda ajue kwamba helmeti itang'oa vipandikizi, na kupanda pikipiki bila helmeti si jawabu, apange likizo. Vumbi la barabara zetu na jua ni maadui. Bahari na bwawa la kuogelea, mwezi mmoja. Kinyozi asiguse mpaka uruhusiwe, na siku utakapokwenda, mashine isafishwe mbele yako.

Homa, usaha, maumivu yanayozidi au ngozi kuwa nyeusi ni dalili za kurudi kwa daktari siku ile ile.

Maswali ya kubeba

Nilimwandikia mpwa wangu haya kwenye karatasi. Upara wangu ni wa aina gani, na umejuaje? Umetulia? Kisogo changu kina akiba ya kiasi gani, na utabakisha kiasi gani kwa baadaye? Mstari wa mbele utauweka wapi, na utanifaa nikiwa na miaka 50? Nani hasa atakata na nani atapanda? Umewafanyia watu wangapi wenye nywele kama zangu, na naweza kuzungumza na mmoja? Nikiwa sifanyi kitu kabisa, itakuwaje?

Alikwenda kwa daktari wa ngozi katika hospitali ya umma, akarudi na jibu: upara wa kurithi, bado unaendelea, hakuna kisu kwa sasa, aanze minoksidili, arudi kila miezi mitatu na picha. Pesa za mahari zikabaki mahali pake. Jambo lililokuwa likimwogopesha zaidi ni mchumba, kwa kuwa hajawahi kumvulia kofia. Nilimwambia amweleze kabla ya nikaha, kwani nyumba haijengwi kwa kuficha. Akampigia simu palepale barazani. Msichana alicheka, akasema kofia ile ameshaijua tangu siku ya posa.

Siku ya harusi kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, kinang'aa, na kofia juu yake. Leo ni mwezi wa nane. Utosi haujaendelea kuwa mwepesi, mapanja yako pale pale. Amesema akifika miaka 27 ataitazama upya habari hii, akiwa na picha zake za miaka minne mkononi. Huenda akafanya, huenda asifanye. Mimi langu nimelikubali: kila Ijumaa hupita kwa kinyozi wa jirani hapa Pumwani, nikamwambia anyoe chote, ila kisogoni apite kwa wepesi.